Mkaratusi, mche wa mkwaju au kisiki cha mgunga: kipi kitanywesha ardhi ya Moroto?

Mkulima_Moroto: Wazee habari zenu. Niko na ekari mbili nje ya Moroto, huku Karamoja, Uganda, mvua ikipiga maji yote yanateleza korongoni, udongo wa juu umekauka kama sufuria. Nataka miti ya kufungua hii ardhi. Mikaratusi? Mikwaju? Ama niache vile visiki vya migunga walivyobakisha wachoma makaa?

Kijana_Soroti: Karatusi bwana, miaka michache tu unauza nguzo.

Fundi_Visima: We kijana yeye kauliza maji wewe unajibu pesa 😂 Karatusi inakunywa mwaka mzima. Kuna utafiti wa Burkina Faso ulitoka 2016, kwenye mashamba yenye miti ya shea (ile ya mafuta), walikuta maji yanashuka chini zaidi pale miti iko ya wastani, si uwanja mtupu wala si kichaka kimefunga. Mizizi inatoboa, ile iliyokufa inaacha vitundu, majani yakianguka mchwa nao wanachimba, basi maji yanapata njia. Ukibananisha miti yote inayanywa yenyewe.

Mama_Kotido: Mimi nilipima kwa kopo la rangi, nikakata kitako nikalididimiza kidogo kwa udongo nikamwaga lita moja. Chini ya ekorete yetu ya zamani, ule mti wa miiba wa huku kwetu, dakika nne maji yameisha. Hatua ishirini kando, pale ng'ombe wanapita, nimeenda kupika posho nimerudi maji bado yananitazama.

Mkulima_Moroto: Sasa mama nipande ekorete?

Mama_Kotido: Panda ukitaka lakini mche utaumwagilia na jerikani kiangazi chote na mbuzi wataumaliza. Kisiki mizizi yake iko chini tayari! Chagua machipukizi matatu manne yaliyonyooka, mengine kata, ukirudi baada ya miezi kadhaa punguza tena.

Fundi_Visima: Kabisa. Dodoma wanaita kisiki hai, na Niger wakulima wamerudisha miti hivyo tangu miaka ya 80, zaidi ya hekta milioni 5. Mkwaju weka mmoja mmoja kwa ajili ya wajukuu, unakua pole sana. Na nyasi usichome.

Mkulima_Moroto: Na mbuzi je, si watakula machipukizi pia?

Mama_Kotido: Watakula. Zungushia matawi ya miiba, hayohayo uliyokata.

Mkulima_Moroto: Sawa mama. Leo asubuhi nimehesabu visiki 31. Jioni vimebaki 29, kuna mtu kang'oa viwili apikie.