Mustang GT, Camaro SS au Challenger Scat Pack? Naombeni ushauri kabla ya Alhamisi

Nahodha Mdogo
Assalaam aleikum wakuu. Niko Sharjah, natafuta gari moja la Kimarekani lenye V8 na nimekwama kwenye matatu: Mustang GT ya 2020, Camaro SS ya 2019 na Challenger Scat Pack ya 2024, yote otomatiki. Bajeti ni dirham 125,000 na yote yanaingia humo. Mwenye yadi kanipa mpaka Alhamisi. Nataka kujua lipi linadumu, lipi lina ugonjwa unaojulikana, na lipi spea zake hazisumbui. Hii ni akiba ya miaka mitatu. Nikikosea sina pa kuanzia tena.

Fundi Spana 13
Waaleikum salaam. Nianze na Mustang. Injini ya 5.0 Coyote ya modeli za 2018 hadi 2021 ina nguvu farasi 460 na nozeli mbili kwa kila silinda: moja inarusha petroli nyuma ya valvu, nyingine ndani ya silinda. Ile ya kwanza huziosha valvu, kwa hiyo masizi hayajikusanyi sana. Oili ya hiyo ya 2020 ni lita 9.5 za 5W-20, na mafundi wengi wa mtaani hutia pungufu kwa mazoea ya injini ndogo. Kinachosumbua ni gia boksi ya 10R80, ya gia kumi. Ndani kuna dramu ya klachi ambayo bushi yake husogea kutoka mahali pake, presha ya oili inapotea, na gari linaanza kugonga likibadilisha gia. Lijaribu likiwa baridi, kisha ulijaribu tena baada ya dakika 30 za mwendo. Likigonga mara zote mbili, liache.

Camaro SS ina injini ya LT1 ya lita 6.2, nguvu farasi 455. Kwa kushika kona ndiyo bora kati ya zote tatu. Ila nozeli zake ni za ndani ya silinda tu, masizi hujaa kwenye valvu, na ya otomatiki huzima silinda nne mwendo ukiwa mpole. Mfumo huo wa kuzima silinda ndio huua tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu. Chagua 2019 kwenda juu: SS za otomatiki za 2016 hadi 2018 zina gia nane na hutetemeka kama vile unapita juu ya matuta madogo, mpaka oili ya gia boksi ibadilishwe yote.

Challenger Scat Pack, ndiyo hiyo huitwa 392, ni lita 6.4, nguvu farasi 485. Gia boksi yake ya gia nane imetokana na muundo wa ZF na ndiyo tulivu kuliko za wenzake. Ugonjwa ni tapeti: roli yake ikikwama huikwangua kemshafti, na hapo injini lazima ifunguliwe. Sasa sikiliza vizuri. Tik-tik ya asubuhi inayopotea injini ikishapata moto mara nyingi ni boliti ya manifoldi ya eksozi iliyokatika, kwa sababu chuma kikitanuka kinaziba mwanya. Tik-tik inayobaki hata injini ikiwa moto ndiyo ya kuogopa. Plagi zake ni 16, mbili kwa kila silinda. Oili ni 0W-40, lita 6.6.

Mama Naima
Mwanangu, akiba ya miaka mitatu ni kiwanja. Gari la nguvu farasi 485 linakula tairi za nyuma kabla hujaizoea njia ya kwenda kazini, na bima yake si ya gari la familia. Nunua ardhi kwanza, chuma utakipata baadaye.

Msafiri wa Al Ain
Mimi nauliza jingine: magari hayo ni ya GCC, yaani ya soko la nchi za Ghuba, au yametoka minada ya Marekani? Hapo ndipo pesa zinapopotea, si kwenye aina ya gari. Lililoletwa kutoka mnadani linaweza kuwa limezama mafurikoni au limegongwa likaandikiwa hati ya salveji, yaani ya gari lililofutwa na bima. Kagua hivi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mstari wa matope au rangi iliyobadilika huko mwishoni ni dalili ya maji. Angalia boliti za miguu ya viti kama zina kutu, na inua zulia la buti uone kama kuna mchanga mlaini kwenye pembe. Mkanda usiorudi vizuri, au uliokufa kabisa, unaweza kuwa na maana kwamba eabegi zililipuka na hakuna aliyebadilisha kifaa cha kuukaza.

Beba kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa kati ya maikroni 90 na 160 hivi. Ukisoma 400 mlangoni, chini yake kuna puti. Kisha tazama vyuma viwili virefu vilivyobeba injini: weldi za kiwandani ni vidoto vilivyopangwa, za gereji ni mstari mnene uliopakwa rangi nyeusi juu yake.

Na usisahau tairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka: 1519 ni wiki ya 15 ya mwaka 2019. Kwa joto la huku, tairi ya zaidi ya miaka mitano hata kama ina kashata nzuri ni ya kutupa.

Nahodha Mdogo
Shukran sana. Mustang ni ya GCC. Camaro na Challenger zimetoka Marekani, lakini Challenger ni safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Mama Naima, nimekusikia, lakini kiwanja si swali langu.

Kipimajoto
Umeuliza habari ya spea. Aliye Sharjah haulizi hivyo, maana spea za haya matatu ziko hapo hapo, mpya na za kubomolewa. Gari hili litaendeshwa wapi?

Nahodha Mdogo
Hapa hapa kwanza.

Kipimajoto
"Kwanza" halafu wapi, ndugu yangu? Jibu la swali lako liko kwenye neno hilo.

Nahodha Mdogo
Mkataba wangu wa kazi unaisha Oktoba. Narudi nyumbani Mombasa, na gari naondoka nalo melini. Sikuandika mwanzo kwa sababu nilijua mtaacha kuzungumzia magari mwanze habari za ushuru. Ushuru nimeuhesabu.

Kipimajoto
Ushuru ni jambo la pili. La kwanza ni usukani. Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto. Ruhusa ni kwa magari ya kazi maalumu, kama ambulensi, ya zimamoto na mitambo mikubwa ya ujenzi. KEBS, shirika la viwango la Kenya, hukagua kabla gari halijapakiwa, na kiwango chao cha KS 1515 kinataka usukani wa kulia na umri usiozidi miaka minane tangu gari lisajiliwe mara ya kwanza. Challenger haijawahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Camaro vivyo hivyo. Zilizouzwa Australia zilihamishwa usukani hukohuko. Mustang peke yake ndiyo inayotengenezwa kiwandani kwa usukani wa kulia, tangu modeli ya 2015, kwa ajili ya Uingereza, Australia, Afrika Kusini na kwingineko. Ya GCC ni ya kushoto. Kwa hiyo yote matatu uliyoyataja hayaingii.

Nahodha Mdogo
Mbona usukani wa kushoto naona ukipita barabara ya Mombasa kila siku?

Kipimajoto
Tazama namba. Mengi ni malori na magari ya Rwanda, Burundi na Kongo, nchi zinazoendesha upande wa kulia. Yanapita tu, hayasajiliwi Kenya. La kwako likifika bila hati ya KEBS litakaa bandarini likila gharama za uhifadhi kila siku.

Nahodha Mdogo
Basi niseme yote. Challenger nimeshaitolea amana ya dirham 5,000. Na kuna karakana huku itahamisha usukani kwa 18,000, wanafanya Land Cruiser kila wiki. Kwa hiyo njia ipo. Ninachotaka mnithibitishie ni kwamba injini ni nzima.

Fundi Spana 13
Kaka, Land Cruiser ina dashibodi, boksi la usukani na pedali za kulia zilizotoka kiwandani; fundi anatoa hiki anafunga kile. Challenger haina hata kimoja. Orodhesha vinavyoguswa: raki ya usukani na shafti yake inayopita karibu na manifoldi ya eksozi, ukuta wa moto, ule unaotenga injini na abiria, unaokatwa na kuweldiwa upya, pedali, pampu na busta ya breki, boksi la AC, mota na mikono ya waipa, nyaya zote za nyuma ya dashibodi. Dashibodi yenyewe itafinyangwa kwa faiba, na eabegi ya abiria inatakiwa kupasua mahali palipopimwa kiwandani. Faiba haipasuki hivyo. Taa za mbele nazo zimekatwa kumulika kulia, huko nyumbani zitawapiga machoni wanaokuja mbele yako. Kwa 18,000 wataunganisha usukani kwa mnyororo au kwa gia za pembeni chini ya dashibodi, na ule mlegeo unaozaliwa hapo hauondoki. Hili ni gari la kilo zaidi ya 1,900 linalofika 100 kwa sekunde nne na ushei. Tafadhali usifanye.

Jicho la Tatu
Nasoma uzi huu tangu juu na kuna jambo haliniingii akilini. Challenger ya 2024 haipo. Kiwanda cha Brampton, Ontario kiliacha kuitengeneza Desemba 2023 na modeli ya mwisho ni ya 2023. Camaro ya 2024 ipo, Mustang ya 2024 ipo, Challenger haipo. Mtu kaweka akiba miaka mitatu, katoa amana, na hajui mwaka wa gari lake? Picha hakuna. Mombasa imetokea katikati, amana imetokea baadaye, karakana imetokea baada ya amana. Naamini hadithi imetungwa, na watu wanaandika kurasa nzima bure.

Mama Naima
Hata mimi nilihisi hivyo alipokwepa swali la wapi.

Nahodha Mdogo
Wallahi sijatunga. Nilificha, ndiyo, lakini kuficha si kutunga. Mwenye yadi amesema 2024 na kwenye mulkiya, kadi ya usajili wa gari, nimeona 2024 kwa macho yangu.

Kipimajoto
Jicho, ngoja kidogo. Mulkiya ina tarehe ya kusajiliwa na ina mwaka wa modeli, na watu huzichanganya. Gari la 2023 likisajiliwa mara ya kwanza 2024, tarehe itasema hivyo. Nahodha, nenda kwenye namba ya chasisi, chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Usiiweke yote hapa. Tupe ya kwanza hadi ya tatu, ya nane na ya kumi.

Nahodha Mdogo
Ninayo kwenye picha ya simu. Tatu za kwanza 2C3. Ya nane ni T. Ya kumi ni P.

Fundi Spana 13
2C3 ni Chrysler ya Kanada, watengenezaji wa Dodge, sawa. P ni modeli ya 2023, sawa, kwa hiyo gari lipo na Nahodha hakutunga. Lakini T kwenye nafasi ya nane ni injini ya lita 5.7. Scat Pack 392 ni J. Hilo ni Challenger R/T, toleo la chini ya Scat Pack, la nguvu farasi 372, lililobandikwa nembo. Nembo ya nyuki, kifuniko cha injini kilichoandikwa 392, rimu, hata kaliba nyekundu za breki vinanunuliwa na kufungwa mchana mmoja. Namba ya chasisi haidanganyi, ila hakikisha ya kwenye kioo inafanana na ya kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha fungua boneti utafute kibandiko cha viwango vya moshi. Magari ya soko la Marekani huandikwa hapo ujazo wa injini kwa lita.

Jicho la Tatu
Nahodha, niwie radhi. Nilishuku mtu asiyestahili. Kwa R/T kulipa bei ya Scat Pack ni hasara ya wazi, hata kama ungebaki Sharjah maisha yako yote. Mwenye yadi mwonyeshe herufi hiyo ya nane mbele ya shahidi kabla hujataja amana.

Nahodha Mdogo
Nimetoka yadi sasa hivi. Kibandiko kimeandikwa 5.7 L. Nilikwenda na binamu yangu, nikamwonyesha muuzaji, akanyamaza kwanza, kisha akasema yeye mwenyewe aliuziwa hivyo. Amerudisha 3,000, na 2,000 ameandika karatasi kwamba atanipa Jumamosi. Nimeumia, siwafichi, lile gari nililipenda. Sasa nisaidieni: Mustang ya usukani wa kulia naitafuta wapi na nikague nini?

Kipimajoto
Uingereza ndiko ziko nyingi. Tafuta GT ya 5.0, na hesabu miaka minane kuanzia tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza iliyo kwenye V5C, hati ya usajili ya Uingereza, si ya mwaka wa kutengenezwa. Uliza kama bima imewahi kuifuta na kuiweka Cat S au Cat N: S ni uharibifu uliogusa mifupa ya gari, N haukugusa. Mimi ningeikwepa hata N, maana gari liko mbali na huwezi kulikagua mwenyewe. Gari la petroli lenye injini ya zaidi ya cc 3000 lina ushuru wa bidhaa wa 35%, na thamani inahesabiwa kwa CRSP, orodha ya bei za magari ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, si kwa risiti yako. Rudia hesabu yako kwa Mustang kabla hujatuma hata pauni moja.

Fundi Spana 13
Na ya Uingereza adui wake ni chumvi ya barabarani wakati wa baridi. Lipia mkaguzi alinyanyue apige picha za fremu ndogo ya nyuma, mikono ya saspensheni, mabomba ya breki na maungio ya eksozi. Kutu ya juu juu inafutika kwa brashi ya waya. Ikimeguka kwa bisibisi, achana nalo. Ukipata ya gia za mkono, gia boksi ni MT82. Aijaribu ikiwa baridi, kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila haraka, asikilize kama inakwaruza. Atume sauti ya injini ikiwashwa baridi, dakika tatu nzima, boneti ikiwa wazi. Ukizipata picha, ziweke hapa tuzitazame pamoja.

Nahodha Mdogo
Nimeshaona moja ya 2021, ya bluu, gia za mkono. Picha za chini nimeomba leo.