Naombeni ushauri: mchana mmoja Istanbul na washkaji, tupange vipi?

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa waliowahi kufika Istanbul. Tunapita pale na washkaji zangu, ndege inatua Ijumaa alfajiri na usiku tunaondoka, kwa hiyo mji wote tuuone mchana mmoja tu. Mimi roho yangu yote iko Hagia Sophia, jengo la mwaka 537 lile, limekuwa kanisa, msikiti, makumbusho, na tangu 2020 msikiti tena, siwezi kupita Istanbul nisilione. Shida Ijumaa mchana watalii wanazuiwa mpaka swala iishe, na wenzangu wengine wanataka kuswali Ijumaa palepale Msikiti wa Buluu, wengine wanang'ang'ania soko la Grand Bazaar, na hao nawajua wakianza kupatana bei saa zinayeyuka.

Nimewaza asubuhi tuwahi kasri la Topkapı, baada ya swala ndo Hagia Sophia, jioni tupande kivuko Eminönü tuvuke Bosphorus hadi Kadıköy upande wa Asia tukipigwa upepo, ila foleni ya kurudi uwanja wa ndege ndo inanitisha. Inawezekana kweli au nipunguze kitu? Na tutembee kundi zima au tugawane tukutane jioni? Sitaki mtu abaki na kinyongo.