Naomba ushauri: folda zifunguke zikiwa zimejaa skrini

Habari zenu wakuu. Natumia Windows 10 kwenye kompyuta ya stesheneri. Nikifungua folda, dirisha linakuja dogo, limebanwa kwenye kona, majina ya mafaili ya wateja yamekatwa katikati. Nabofya kile kimraba cha juu kulia, linajaa. Folda inayofuata, yale yale.

Nimejaribu kulivuta kingo kwa mausi mpaka lienee, ndipo nikalifunga, wapi! Njia ya mkato ya folda moja nimeiwekea ifunguke kubwa, hiyo inatii, ila folda za kwenye flashi za wateja bado. Kitufe cha Windows na mshale wa juu nakijua, lakini kutwa nzima vidole vinachoka.

Je, kuna mpangilio mmoja wa folda zote? Au ni mpaka programu ya pembeni, na ipi ni salama?