Je, zawadi za mashindano zimeondoa furaha katika ngoma zetu za Lamu?

Mzee wa Mkomani
Assalam alaykum, jamaa zangu wa Lamu na ndugu zetu wa Malindi. Usiku wa juzi, baada ya sala ya Isha, nilipita Mkunguni mbele ya Ngome nikawakuta vijana sita wakicheza kirumbizi, ile ngoma yetu ya fimbo, peke yao, bila jukwaa, bila waamuzi na bila hata zumari, kwa kuwa mmoja wao alikuwa akiiiga sauti yake kwa mdomo huku mwenziwe akipiga debe. Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Vijana hao nawafahamu, maana nimewaona pia katika mashindano ya tamasha, na huko macho yao huelekea kwenye meza ya waamuzi kuliko kwa mwenzao aliye ndani ya duara, na anayeshindwa huondoka bila kumpa mshindi mkono. Swali langu ni hili: je, haingefaa zawadi za fedha ziondolewe katika ngoma, zibaki katika mbio za punda na za majahazi, ili wachezaji warudishiwe furaha yao? Nasema kwa uchungu kwamba kijana anayechezea zawadi huinua fimbo kama hamali anayepakia boriti jahazini.

Mwana wa Matondoni
Shikamoo, Mzee wangu. Swali lako ni zuri, lakini siwezi kuligusa kabla ya kuijibu sentensi yako ya mwisho. Babu yangu alipakia boriti za mikoko tangu ujana wake mpaka mwaka 1982, usafirishaji wa boriti hizo nje ya nchi ulipopigwa marufuku, na katika ukoo wetu hakuna aliyeimba kumshinda. Boriti hazikupandishwa jahazini kimyakimya. Mmoja alitoa wimbo, wengine wakaitikia, na miguu ikafuata mwitikio. Tanga nalo lilitwekwa kwa wimbo, kwa sababu foromali, ule mti unaobeba tanga, ni nzito na watu wasiovuta pamoja huumizana. Ukitafuta mahali ambapo kazi na furaha zilikula sinia moja, ni kwa mahamali hao uliowatolea mfano mbaya. Naomba ulifute neno lako.

Mzee wa Mkomani
Mwanangu, sikuwadharau mahamali. Nilinena juu ya uzito wa mkono. Hata hivyo, wimbo wa jahazini ulikuwa dawa ya mzigo, na asiye na mzigo haihitaji dawa hiyo. Kirumbizi ni mchezo, na mchezo haufai kugeuzwa mzigo.

Mwana wa Matondoni
Kwa hiyo babu yangu aliimba kwa sababu ya maumivu tu? Mzee, nilikuwa nikiketi juu ya marobota ya makuti nikimtazama. Walikuwa wakishindana kutunga. Aliyetoa ubeti wa kumkejeli nahodha kwa werevu alishangiliwa mpaka kazi ikasimama, na nahodha mwenyewe akacheka. Usiniambie kwamba ile ilikuwa dawa.

Binti wa Langoni
Nimesoma majibu yote, na yote ni ya wanaume na fimbo zao, au wanaume na boriti zao. Naomba nizungumzie vugo, ngoma yetu wanawake. Arusini, upande wa bwana na upande wa bibi hujibizana kwa nyimbo huku pembe zikipigwa, na mafumbo yanayorushwa hapo huweza kumkosesha mtu usingizi kwa wiki nzima. Ushindani huo ni mkali kuliko wa tamasha lolote, lakini furaha haipungui, bali huzidi. Watu wa mitaa ya Mkomani na Langoni walishindana kwa ngoma vizazi na vizazi pasipo bahasha mezani. Kwa hiyo mimi sioni kwamba kushindana ndiko kunakoharibu, ila fedha. Nakumbuka kusoma kwamba huko Marekani, zamani kidogo, watoto waliopewa zawadi kwa kuchora waliacha kabisa kupenda kuchora. Zawadi zote ni sumu.

Mwalimu wa Chekechea, Malindi
Dadangu, utafiti huo naufahamu kwa sababu tuliufundishwa chuoni, na haukusema hivyo. Uliandikwa mwaka 1973 na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, na watoto walikuwa wa umri wa miaka mitatu hadi mitano, wote wakiwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa mapema cheti chenye nyota na utepe. Kundi la pili lilichora bila ahadi, kisha likapewa cheti kilekile ghafla. Kundi la tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa tena darasani na kila mtoto akaachwa achague mchezo wake, walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu hata kidogo. Cheti kilikuwa kilekile. Kilichowatenganisha ni ahadi.

Binti wa Langoni
Ahsante, Mwalimu, nimesahihishwa, na umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulitaja kwanza. Sisi tuna kutuza. Katika taarabu mtu akiguswa na ubeti huinuka, humwendea mwimbaji mbele ya kadamnasi na kumpa noti, wakati mwingine kwa sababu ubeti ule umemsemea yaliyomo moyoni mwake, wakati mwingine ili jirani fulani ajue kwamba umemlenga yeye. Mwimbaji hakuahidiwa noti hiyo, wala hajui itatoka kwa nani na kwa ubeti gani. Fedha huja baada ya raha na huiongeza. Mashindano yetu yamegeuza utaratibu huo: fedha hutangazwa kwanza kwenye bango, halafu raha hutafutwa.

Mpiga Zumari, Shela
Nimewavumilia wote, lakini sasa nasema. Ni rahisi kuzungumzia furaha kwa mtu ambaye hajapuliza zumari saa nzima bila kukata pumzi, mashavu yakiwaka moto. Niliwahi kualikwa kupiga katika hoteli moja, nikaahidiwa malipo, nikapiga mpaka usiku wa manane, nikapewa soda mbili na kupigwa picha nyingi. Kilichonivunja moyo siku ile ni kukosa fedha niliyoahidiwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na hakuna anayethubutu kusema kwamba santuri ziliwatia ubaridi. Mnaposema fedha ni sumu, mwenye hoteli hufurahi kuliko ninyi nyote, kwa sababu mnampa kisingizio.

Mzee wa Mkomani
Ndugu yangu wa Shela, hapa umenigusa, na sitaki nieleweke vibaya. Sikusema msilipwe. Ujira wa mtu hukubaliwa kabla ya kazi na hulipwa jasho lake halijakauka. Ninachokikataa ni ile zawadi ya mmoja inayowafanya wengine kumi na tisa warudi nyumbani wakihisi kwamba usiku wao ulikuwa bure.

Mpiga Zumari, Shela
Basi lipeni makundi yote sawa, na atakayependa kumtuza mtu amtuze kwa hiari yake. Hapo nitakuwa wa kwanza kufika.

Mwana wa Matondoni
Nami bado nasubiri neno la hamali.

Mzee wa Mkomani
Nimelifuta, mwanangu, kwa moyo mweupe. Usiku wa kuamkia leo nilikumbuka kwamba hata mimi kirumbizi sikufundishwa na mtu wa Mkomani. Nilifundishwa gatini na mahamali waliokuwa wakisubiri maji yajae, na fimbo zetu zilikuwa fito zilizobaki katika shehena. Nililisahau jambo hilo kwa miaka mingi, na nakuomba radhi wewe na babu yako. Napendekeza tukutane Mkunguni usiku wa mwezi mpevu ujao baada ya Isha, pasiwe na bango wala waamuzi.

Binti wa Langoni
Sisi tutapiga vugo ndani ya nyumba, si uwanjani, na simu zitaachwa mlangoni. Atakayekuja na simu yake hataingia.

Mwana wa Matondoni
Radhi imepokewa, Mzee, na nitakuja na fito za babu. Ila mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na baada ya Isha maji yatakuwa yamekupwa, mashua zetu zitakaa juu ya matope. Itatulazimu tuje na maji ya Alasiri, na hatutaweza kuondoka mpaka yajae tena karibu na alfajiri. Mpiga zumari ajiandae kwa usiku mzima.