Naombeni ushauri: simu kwenye kiwanja cha gofu tuzipige marufuku au tuziwekee utaratibu?

Mdau_wa_ShantyTown (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Mimi nacheza gofu hapa Moshi na kwenye klabu yetu nimeingizwa kwenye kamati ndogo ya kanuni za uwanja. Tumeambiwa tulete pendekezo kuhusu simu maana malalamiko yamezidi, na wazee wengi msimamo wao ni mmoja, simu zipigwe marufuku kuanzia ti ya kwanza (pale unapoanzia kupiga) mpaka unamaliza, uache kwenye gari au kwa kedimasta, yaani msimamizi wa makedi wanaobeba mabagi, basi.

Kilicholipua hii ishu ni mechi ya Jumamosi. Mtu yuko kwenye grini, pale kwenye nyasi fupi penye shimo, ana pati fupi tu ya kusukumia mpira shimoni ashinde, watu wote kimya, mara simu ya mpinzani wake ikalia ndani ya bagi kwa sauti ya juu kabisa, jamaa akakosa. Maneno yaliyofuata siwezi kuyaandika hapa, na vijana wadogo wanaojifunza walikuwa pembeni wanasikia. Aliyefokewa kuliko wote ni kedi, eti kwanini hakuizima, wakati simu siyo yake na namba ya siri haijui.

Sasa mimi wazee nawaelewa, ila nikiangalia wanaocheza pale jioni ni watu wa kazi. Kuna daktari ambaye wiki ya zamu lazima apatikane, kuna watu wa utalii wana wageni mlimani, kuna mama mmoja ana mtoto mgonjwa nyumbani. Ukiwaambia simu marufuku hawa hawatabishana na wewe, wataacha kuja tu kimya kimya, na klabu ya mashimo 9 kwenye mji kama wetu inaishi kwa ada za hao hao. Kikao ni wiki ijayo. Wenye uzoefu wa klabu nyingine naomba mnisaidie, nyie mmefanyaje? Na je, kanuni za gofu zenyewe zinasemaje, maana pale kila mtu anasema lake.

Njiro_Juu (Arusha)

Pigeni marufuku mangi, msizunguke. Pale Augusta, Marekani, kwenye mashindano makubwa ya Masters, mtazamaji akikutwa na simu ndani anatolewa nje, na wamewawekea simu za mezani za bure mtu anayetaka kupiga apige. Mashindano yamenoga miaka yote na hakuna aliyekufa. Hata mashindano ya The Open kule Uingereza mwaka 2006 pale Hoylake simu za watazamaji za kupiga picha zilisumbua wachezaji mpaka waandaaji wakazikataza miaka iliyofuata. Gofu ni mchezo wa utulivu, mtu asiyeweza kuachana na simu saa mbili aende akafanye mazoezi ya jim. Nawaza hivyo kabisa kutoka moyoni, mimi uwanjani ndo mahali pekee kwenye wiki yangu ambapo hakuna anayenidai kitu.

BarafuKambi

@Njiro_Juu kaka nakuheshimu ila hiyo saa mbili yako unayoisema kwangu ni kubwa sana. Mimi nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Wageni wangu wakiwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 kule, wanaanza kupanda kileleni usiku wa manane, na matatizo mengi tunayasikia asubuhi. Mwongozaji akinipigia kwamba mgeni anakohoa mapovu na hawezi kutembea, pale ni kumshusha mara moja, na kama ni helikopta kuna bima ya mgeni inatakiwa ithibitishe kwanza, kuna kutuma majina, namba ya bima, mahali walipo. Huyo mgeni hawezi kusubiri nimalize shimo la 9. Na zamani ungesema mlimani hamna mtandao, sasaivi kuna mpaka intaneti, tangu 2022 iliwashwa kambi ya Horombo, kwahiyo taarifa inafika muda huo huo na mteja ndugu yake yuko Ujerumani anajua unaipata.

Mimi simu yangu iko sailenti mfukoni na ninajua nikipigiwa na namba gani ndo natoka pembeni. Sijawahi kupokea mbele ya mtu anayepiga. Mkinikataza nitahamia kwingine, sitafanya fujo, ila nitaumia maana nimekulia kwenye hicho kiwanja, baba yangu alikuwa kedi pale.

sina_gofu_ila

Mimi sichezi ila nauliza, kwani si muweke sailenti tu yaishe? Mbona msikitini na kanisani tunaweka na maisha yanaenda

Mdau_wa_ShantyTown

@sina_gofu_ila ndugu yangu sauti ya mlio ni sehemu ndogo. Tatizo kubwa ni maongezi yenyewe. Mtu anapokea, anaanza kutembea huku na huku anaongea kwa nguvu, wenzake watatu wamesimama wanamsubiri, kundi la nyuma nao wamesimama. Afu ikiwa kwenye vaibresheni ndani ya bagi lenye fimbo za chuma inasikika vizuri tu.

Mzee_wa_Karanga

Shikamooni mliokubwa kwangu, wadogo marahaba. Nacheza tangu enzi ambazo simu ilikuwa ni ile ya ofisini kwa katibu wa klabu, mtu akitafutwa anatumwa kijana kwa baiskeli mpaka shimo ulipo. Nataka niseme kitu ambacho hamjakigusa, usalama.

Mtu akiwa na simu sikioni hasikii. Mpira wa gofu ukitoka kwenye dreva, ile fimbo ya kupigia mbali, ni kama jiwe la kombeo, ukimpata mtu kichwani ni hospitali au kaburi. Kinachomwokoa mtu ni kusikia wenzake wakipiga ukelele wa "foo" akajikunja haraka. Nimemwona kijana mmoja amesimama katikati ya fewei (njia ya nyasi kutoka ti mpaka grini) ya shimo la jirani, ameinamisha kichwa anaandika meseji, tunaita wanne kwa pamoja hasikii, mpira ukapita juu ya bega lake ukagonga mti wa mkaratusi. Kedi wake alimvuta shati. Yule hakujua hata kilichotokea, aliinua kichwa akauliza mbona mnapiga kelele.

Na jambo la pili ni giza. Huku kwetu jua likishafika saa 12 na nusu jioni limekwenda, halina ubishi. Watu wanaanza saa kumi na kitu wakitoka kazini, mmoja akiongea na simu dakika tano kwenye kila shimo la tatu, kundi la mwisho linamalizia kwa tochi au halimalizi kabisa. Kiwanja cha mashimo 9 kina ubaya huo, wanaotoka shimo la 9 kurudia raundi ya pili wanakutana na wanaoanza, foleni ikishaanza haiishi. Kwahiyo mimi sijali simu ipo mfukoni au haipo, najali mwanangu mtu asiyesogea.

kedi_mstaafu_bado

Wakuu naomba na mimi niongee maana hapa wote mliochangia mnabebewa mabagi, na mwandishi wa uzi amenigusa pale aliposema kedi ndo alifokewa.

Ni hivi. Simu ya bosi ikiwa kwenye bagi, bagi ninalo mimi. Ikilia wote wananigeukia mimi. Nikiizima, bosi anasema nani amekutuma ushike simu yangu, kuna mzee alishamsimamisha mwenzetu kwa hilo. Nisipoizima, nimemharibia mtu pati. Wengine wanasema pokea sema niko kikaoni, sasa nikipokea naongea na mke wa mtu nadanganya, na mke wa mtu namfahamu, tunasali naye. Mnatuweka pabaya sana na hamuoni.

Afu kuna simu zetu sisi. Klabu nyingine zimeshakataza makedi wasiingie na simu, wanachama wanaingia nazo. Kwa kedi simu ndo ofisi. Mwanachama anayekuja kesho asubuhi ananipigia leo jioni kuniwekea nafasi, akinikosa anampigia mwingine, siku yangu imekwenda, mtoto hajapata hela ya daftari. Na siku hizi malipo mengi ni kurushiwa kwenye simu, mtu anamaliza raundi anasema nitakutumia, nikiwa sina simu pale pale nihakikishe imeingia naondoka na ahadi. Ahadi za namna hiyo ziko nyingi sana mfukoni kwangu.

Sisemi tuongee na simu kazini, hapana, mimi nikiwa na bagi simu yangu naizima mlio naiweka kwenye soksi, na vijana ninaowafundisha nawaambia hivyo hivyo. Ninachoomba kaka @Mdau mkiandika hiyo kanuni yenu andikeni wazi kwamba simu ya mchezaji ni jukumu la mchezaji, aizime mwenyewe kabla hajanipa bagi. Mstari mmoja tu huo. Na kanuni ya simu iwe moja kwa wote.

Mama_Kadi

Shikamoo Mzee wa Karanga. @kedi_mstaafu_bado kaka umeongea la maana kuliko sisi wote.

Nimesimamia mashindano kadhaa ya akina mama huku kwetu kwahiyo nijibu upande wa kanuni, maana naona hapo juu vitu viwili vimechanganywa. @Njiro_Juu, Augusta na The Open ulizotaja ni marufuku kwa watazamaji, na The Open wenyewe waliilegeza mwaka 2012 watu wakaruhusiwa kuingia nazo kwa masharti. Kanuni za gofu hazimkatazi mchezaji kuwa na simu. Tangu 2019 kifaa cha kupimia umbali kinaruhusiwa moja kwa moja isipokuwa kamati ikatae kwa kanuni ya kiwanja, na simu yenye programu ya GPS inayokuambia zimebaki yadi ngapi kufika grini inahesabika humo. Kisichoruhusiwa ni programu kukupimia mwinuko au upepo, au kukuchagulia fimbo ya kutumia. Ukifanya hivyo mara ya kwanza ni mikwaju miwili ya adhabu, yaani unaongezewa mapigo mawili, kwenye strokpley (inayohesabu mapigo yote) au unapoteza shimo kwenye machpley (ya kushindana shimo kwa shimo), ukirudia umeondolewa. Na ukimpigia kocha wako kumuuliza hapa nipige fimbo gani, hiyo ni kuomba ushauri kwa mtu asiye kedi wako, adhabu ni hiyo hiyo mikwaju miwili au kupoteza shimo. Muziki wa kawaida kwa sauti ndogo unaruhusiwa ila siyo kwa ajili ya kuziba kelele au kujitengenezea mdundo wa swingi.

Sasa mlio na maongezi yanaingia kwenye tabia, Kanuni ya 1.2. Inamtaka mchezaji asiwasumbue wenzake, acheze kwa kasi, aangalie usalama wa watu. Ila bila kamati kuandika kanuni zake za maadili, adhabu pekee mliyonayo ni kumwondoa mtu kwenye mashindano kwa kosa kubwa sana, na simu kulia mara moja haifiki huko. Ndo maana malalamiko yenu hayaishi, hamna adhabu ya katikati. Mkiandika maadili yenu na kuyabandika kwenye ubao mnaweza kuweka onyo, mkwaju mmoja, miwili, mpaka kuondolewa.

Na kuhusu kedi, Kanuni ya 10.3 iko wazi, kedi akivunja kanuni wakati wa raundi adhabu anaibeba mchezaji. Kwahiyo hata kisheria kumfokea kedi kwa simu ya bosi hakuna miguu.

Njiro_Juu

Dada nimekuelewa, hapo kwa watazamaji na wachezaji umeniweka sawa. Bado roho yangu inataka kimya lakini nakubali simu iwepo kama haisikiki wala haionekani kwenye grini.

Mdau_wa_ShantyTown

Asanteni sana, nimekaa nasoma mpaka chai imepoa. Nimeanza kuandika hivi, naombeni mnirekebishe: mchezaji anazima mlio na vaibresheni mwenyewe kwenye ti ya kwanza kabla ya kukabidhi bagi. Hakuna maongezi kwenye ti wala kwenye grini. Simu ya dharura unatoka pembeni ya fewei, wenzako wanaendelea, ukichelewa unaokota mpira unaungana nao shimo linalofuata. Kupima umbali ruksa. Kanuni ni moja kwa wachezaji na makedi. Kosa la kwanza onyo, la pili mkwaju mmoja kwenye mashindano.

Kinachonisumbua ni hapo kwenye dharura. Nani anaamua hii ni dharura? Kuna mtu kwake hata mteja wa mahindi ni dharura.

BarafuKambi

Anayetarajia simu ya lazima awaambie wenzake kwenye ti ya kwanza. "Jamani leo nina watu mlimani naweza kupigiwa." Hakuna atakayekasirika ukisema mapema. Mimi nafanya hivyo na wenzangu wananiuliza wenyewe vipi wamefika?

Mama_Kadi

Sawa kabisa hilo. Ila @Mdau hapo kwenye kuokota mpira kuwa makini, kwenye raundi za kirafiki na stebofodi (ya kuhesabu pointi kila shimo) haina shida, unakosa pointi za hilo shimo tu. Kwenye strokpley lazima umalize kila shimo, kwahiyo huko andika kwamba atakayechelewesha ataadhibiwa kwa kuchelewesha mchezo, ambayo kanuni yake ipo tayari, ni ya 5.6, mkwaju mmoja kwa kosa la kwanza.

Na ongeza la radi. Masika mtu mwenye simu anaweza kuwa wa kwanza kuwajulisha walio mbali kwamba honi ya kusimamisha mchezo imepigwa, kiwanja kikiwa na miti mingi haisikiki kote.

kedi_mstaafu_bado

Kaka @Mdau ule mstari wa kuzima kabla ya kukabidhi bagi usiutoe hata wakikubania kwenye kikao. Na mkiupitisha ubandikeni na kwenye banda letu sisi, siyo kwenye ubao wa ndani peke yake, kule hatuingii.

Mdau_wa_ShantyTown

Nimeongeza yote mawili, na nakala ya banda la makedi nitaibandika mwenyewe. Kikao kikiisha nitarudi hapa kuwaambia kilichopita.