Naomba ushauri: wazazi wanagawa chakula tunachowapelekea

Habari zenu ndugu zangu. Wazazi wangu wako kijijini Kongwa, mimi naishi Dodoma mjini. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Januari na Februari ghala za wengi huwa tupu na mavuno bado. Nimekua nikimwona mama akimpimia jirani uwele bila kumuuliza ataurudisha lini, na mgeni wa mchana haondoki bila ugali na mlenda. Kama leo siwezi kula huku mtu ananitazama, nimeyatoa kwao.

Sasa wamezeeka, hawalimi tena. Tunawanunulia magunia ya mahindi pale soko la Kibaigwa, lakini msimu haujafika katikati yameshagawiwa. Wadogo zangu wanataka tupeleke unga kidogokidogo ili wasiweze kugawa. Mimi naona tutamvunjia baba heshima mbele ya watu aliowalisha miaka yote. Ila mama ana kisukari, hatakiwi kushinda na njaa.

Mliopitia hili, mliongeaje na wazee? Kuna aliyewahi kuwatengea gunia la kugawa tu, wapendavyo? Lilisaidia?