Mjadala: Je, vitabu vya maktaba ya shule vibandikwe rangi ya darasa?

Mwalimu, Morogoro:
Kamati yetu inapendekeza kila kitabu cha hadithi kibandikwe utepe wa rangi ya darasa linalokiweza, nami naunga mkono. Nimefundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tangu mtaala wake uanze mwaka 2015, na nimeona kwamba mtoto anayekwama kila mstari hukifunga kitabu asikirudie tena. Wazazi wanaowanunulia watoto wa darasa la pili vitabu vinene kwa kujionyesha ndio wanaowachosha.

Mzazi wa darasa la tano:
Mwalimu, hilo la kujionyesha limenichoma, maana kisa changu ni kinyume chake. Mwanangu ana miaka 11 na bado anasoma kwa kuunga silabi. Aliazima kitabu chenye utepe wa njano, rangi ya darasa la pili. Jioni nikamkuta nyuma ya jiko akiubandua kwa ukucha, kwa kuwa wenzake walikuwa wamemcheka njia nzima. Hadithi yenyewe ni ya kibata aliyepotezana na mama yake. Kijana anayeshinda kwa fundi pikipiki ana haja gani na hadithi za wanyama, ambazo ni za chekechea?

Mkutubi:
Rangi ikiwa ni lazima, ikae ndani ya jalada. Chama cha wakutubi wa shule cha Marekani kimepinga kubandika viwango vya kusoma nje ya vitabu kwa sababu hiyo hiyo, kwamba uwezo wa mtoto usitangazwe kwa wenzake. Tena vipimo vya kule vya ugumu wa kitabu, kama Lexile, huangalia urefu wa sentensi kwa idadi ya maneno, ilhali kwetu "hawajatuandikia" ni neno moja lenye silabi nane. Mimi humwambia mtoto asome ukurasa mmoja akikunja kidole kwa kila neno linalomshinda. Vikitimia vitano, tunatafuta kitabu kingine.

Mstaafu, Tanga:
Nimeshangazwa na huyu mzazi anayesema hadithi za wanyama ni za chekechea. Bibi yangu alitusimulia za Sungura na Fisi tukiwa vijana wa kupukuchua mahindi, na wazee waliokaa pembeni walicheka kutuzidi, kwa sababu Fisi wa hadithi walimjua pale kijijini kwa jina lake.

Mzazi wa darasa la tano:
Shikamoo mzee wangu. Sungura simdharau, kwa kuwa ana hila, na hila zake zinaweza kumponza. Kibata yule alilia kurasa zote mpaka mama yake alipotokea. Ninachokililia ni maneno ya darasa la pili yanayobeba mambo ya mtoto wa miaka 11. Jana nilimwandikia mwenyewe karatasi moja: "Fundi anafungua plagi. Plagi ina masizi. Fundi anaisugua." Aliisoma yote kwa sauti, kisha akanisahihisha kwamba plagi hufunguliwa injini ikishapoa.